Matofali ya Mama Vero

Arua, Jumamosi, Januari 1978, baada ya alasiri

Mwanangu Hawa,

Mwalimu Zuhura anatufundisha kwamba barua njema huanza na tarehe, kisha salamu, kisha jambo lenyewe. Tarehe nimeandika. Salamu utazipata kesho kwa mdomo wangu, pale penye basi, kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe. Naahidi kukuambia yote, hata yale yanayonifanya niweke kalamu chini na kwenda kuangalia kama maharage yameiva. Nimekwenda mara mbili tayari. Hayajaiva.

Umekwenda kumuaga shangazi yako, naye hamwachii mtu mlango kabla hajala mara mbili, basi nina muda mpaka magharibi. Barua hii nitaiweka chini ya nguo zako. Utaiona ukifungua sanduku huko shule ya wauguzi, ng'ambo ya mto, mahali ambapo huwezi kurudi mbio kuniuliza, "Mama, kweli?"

Usicheke mwandiko. Ni wewe uliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza. Nilipoanza kwenda darasa la akina mama nyuma ya msikiti, na mfuko wangu wa kitambaa begani, ulikuwa unanisubiri mlangoni: "Mwanafunzi Zainabu, kazi ya nyumbani umemaliza?" Nami nilikuwa nimemaliza, kila mara. Huu ni mwaka wangu wa tatu. Naipenda shule kuliko nilivyokuonyesha, maana niliogopa mtaniona mtoto.

Habari za sabuni, za kufunga sanduku kwa kamba, za kukaa upande wa basi usio na jua, hizo sitaandika. Shangazi yako amekwisha kukuambia, na leo atarudia. Mimi nataka kuzungumza juu ya insha yako.

Unaikumbuka. Ulipoona najua kusoma lakini sina cha kusoma, uliniandikia hadithi kwa Kiswahili, kurasa mbili za daftari, ukaiita "Machozi ya Mama Yangu". Ndani yake ilikuwa Koboko, tulikoishi zamani, ule mwaka mvua ilipochelewa. Watu wote wamekwenda uwanjani kuomba mvua, na mama yako analia mbele ya Mungu, na Mungu anamhurumia, na mvua inashuka. Niliisoma kwa kidole, neno kwa neno, mchana kutwa. Ndicho kitu kirefu cha kwanza nilichokisoma maishani mwangu kwa macho yangu mwenyewe. Nilipofika mwisho nilikupikia chapati. Sikukuambia kwamba haikuwa kweli.

Sasa sikiliza kweli yenyewe.

Ulikuwa na miaka tisa. Mvua za mwezi wa nne hazikuja, na za mwezi wa tano zilinyunyiza vumbi zikaondoka. Shamba letu la Dranya lilikuwa na ulezi wa kimo cha kidole, umejikunja kama nywele zilizoungua. Pale Koboko tulikuwa na bomba moja la mkono lililotoa maji, na foleni yake ilianza kabla ya adhana ya alfajiri. Tulikaa juu ya ndoo zetu saa nyingi, tumechoka, tunanuka. Kitu pekee kilichokuwa kingi ni maneno, na mwenye maneno nilikuwa mimi. Unajua nilivyokuwa. Harusi isiyonialika iliitwa msiba.

Jirani yetu alikuwa Mama Vero, mjane aliyetoka upande wa Kongo, Mkristo, mwuza mandazi na samaki wa chumvi. Binti yake ndiye Vero wako. Mlikuwa mnakula sahani moja. Mama Vero alikuwa amechoka kuishi chini ya nyasi zinazovuja, na tangu kiangazi alikuwa akifyatua matofali kando ya kijito, peke yake, akiyaanika safu kwa safu nyuma ya nyumba. Alikuwa anangoja yakauke ajenge tanuri ayachome.

Sasa kwetu, wewe unajua, mtu mwenye matofali yanayokauka hutazamwa vibaya mvua ikikawia. Watu husema ameifunga. Anafunika chungu kitupu kifudifudi uani, na mvua inakaa chini yake mpaka atakapokifunua. Mimi siku zote niliyaona haya ni upuuzi. Kwa hiyo siku moja kwenye foleni, mama mmoja aliposema, "Jua hii itatuua, mvua iko wapi?" mimi nilijibu kwa sauti ya kuwafurahisha wote: "Iko chini ya chungu ya Mama Vero. Matofali ikikauka, atatutolea."

Wakacheka sana. Hata mimi nilicheka. Nilibeba ndoo yangu nikaenda nyumbani nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Kicheko kilibaki pale bombani. Maneno yakaenda peke yake. Jioni ile wanaume na vijana walifika uani kwa Mama Vero wakitafuta chungu, wakakikuta, kifudifudi kweli. Hawa, mwaka ule kila chungu cha Koboko kilikuwa kifudifudi, kwani kilikuwa na nini ndani? Changu kilikuwa hivyo hivyo, hatua kumi kutoka walipokuwa wamesimama. Walikivunja chake. Kisha wakapita juu ya matofali, safu kwa safu, kwa miguu, mpaka yakawa udongo. Hawakumpiga. Alisimama amemshika Vero kichwa, amemfichia uso tumboni mwake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko langu na mwiko mkononi. Ningeweza kusema, "Jamani, ilikuwa mzaha, niliusema mimi." Mwiko ule niliushika mpaka walipoondoka.

Siku ya tatu Mama Vero alihamia Vurra kwa kaka yake, karibu na forodha ya mpaka wa Kongo. Mimi nilimsaidia kubeba godoro mpaka kwenye gari. Nilimpa na karanga. Akaniambia, "Asante, Zainabu." Wewe ulilia siku mbili, nami nikakuambia Vero amekwenda kumsalimu mjomba.

Haukupita muda mrefu, imamu akatangaza sala ya kuomba mvua. Alisema tutafunga siku tatu, na kabla ya kutoka uwanjani kila mtu arudishe cha watu na apatane na aliyemkosea, maana hatuwezi kunyoosha kwa Mungu mkono ulioshika kitu cha jirani. Laiti ungeona mji ule siku tatu hizo. Mzee mmoja alirudisha jembe aliloliazima kabla hujazaliwa, na mwenye jembe akamwambia, "Ningelijua unalo ningelikuja kulilia." Wake wenza wawili waliokuwa hawasemeshani walisalimiana, kisha wakanyamaza, maana hawakuwa na la pili la kuambiana. Jogoo mmoja alirudi kwake akiwa na wajukuu. Mimi nilirudisha chekeche ya shangazi yako. Nilitoa mtama sadaka. Niliomba radhi kwa watu sita ambao hata hawakukumbuka nimewakosea nini. Nilirudisha kila kitu isipokuwa kile kimoja.

Siku ya sala tulitoka na nguo tumezigeuza ndani nje, kama ilivyo desturi, kumwonyesha Mungu kwamba tunataka hali yetu igeuzwe. Mishono ilikuwa nje, mifuko inaning'inia kama masikio ya mbuzi. Na mbuzi nao walikuwepo, wametengwa na watoto wao ili nao walie. Imamu akageuza joho lake. Uwanja ukanyamaza. Ndipo wewe, uliyekuwa umesimama kando yangu na gauni lako la maua yaliyofifia, ukaniuliza kwa sauti ya mtoto asiyejua kunong'ona: "Mama, Vero na mama yake pia wamegeuza nguo?"

Wanawake wa safu yetu wakatazama chini. Imamu akaomba, watu wakaitikia amin. Ni kweli nililia, hapo insha yako haikukosea. Lakini sikuwa namlilia Mungu anipe mvua. Nililia kwa sababu ya swali la mtoto wangu. Na mvua haikuja siku ile, wala wiki ile. Tulirudi nyumbani na nguo zetu bado zimegeuzwa, vumbi likiingia kwenye mishono.

Nilimwambia baba yako yote. Nilitegemea angenikaripia, nilikuwa nimejiandaa hata kujitetea. Alikuwa anafuta kioo cha lori lake. Akasema, "Kesho naenda Vurra kuchukua chumvi. Kiti ya mbele iko wazi."

"Utanisaidia kumwambia?"

"Mimi nitaendesha gari. Kusema utasema wewe. Kwa kusema, nani anakushinda?"

Njiani, tukipita Arua, alinifanyisha mazoezi. Nilianza, "Mama Vero, nisamehe kama nilikukosea," naye akapunguza mwendo. "Hiyo 'kama'," akasema, "iache hapa Arua. Forodha hawataipitisha." Nikaanza tena bila hiyo. Ilikuwa ngumu, Hawa, kama kutoka nje bila kitambaa cha kichwa. Nilirudia mpaka tukafika.

Tulimkuta Mama Vero anakaanga mandazi kando ya kizuizi, malori yamepanga mstari, makuli wanamwita kutoka pande zote. Nilimwambia hapo hapo, amesimama na kijiti mkononi. Nilimwambia foleni, nilimwambia chungu, nilimwambia mwiko. Aligeuza mandazi yake moja moja mpaka yakamalizika.

"Nilijua," akasema.

"Nani alikuambia?"

"Wewe. Ile siku ya godoro. Ulibeba kutoka nyumba mpaka gari, neno hata moja hukutoa. Wewe, mutu wa kusema mpaka kuku banachoka! Nikasema, ah, basi ni huyu."

"Sasa mbona ulinishukuru?"

"Godoro ilikuwa nzito."

Baba yako, kule kwenye lori, alijifanya anakagua tairi. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Halafu Mama Vero akaacha mzaha. Alisema: "Kusamehe, Mungu ananiambia nifanye. Nitafanya, lakini polepole, usinisukume. Moyo yangu haina injini. Lakini matofali nayo? Moyo ikisamehe, matofali itasimama yenyewe?" Akanipa masharti mawili. La kwanza, nirudi bombani, kwenye foleni ile ile, kwa sauti ile ile, niseme uongo ulikuwa wangu. La pili, nifyatue matofali.

Nilifanya la kwanza asubuhi iliyofuata. Nilikuwa nimezoea watu kucheka ninapofungua mdomo, na wengine walianza kucheka kabla sijafika mwisho, wakidhani kichekesho kinakuja. Hakikuja. Mama mmoja akasema, "Leo mdomo umekutana na mwenyewe." Nikasema ndiyo. Kisha mwingine, yule aliyeuliza mvua iko wapi, akasema polepole, "Lakini sisi tulicheka." Na mchana, nilipokuwa peke yangu kijitoni nakanyaga udongo, yeye ndiye aliyekuja wa kwanza, amepandisha gauni magotini. Baadaye wakaja wengine, na jioni wakaja vijana wawili wa wale waliokanyaga safu, wakachukua majembe.

Mama Vero alirudi na lori la baba yako, na Vero juu ya magunia. Aliketi kwenye kiti cha kamba kivulini akatusimamia. Nilikuwa sijawahi kushika kalibu, lile sanduku la mbao la kufyatulia. "Hiyo iko na tumbo," ananiambia. "Vunja." Navunja. "Hiyo imelala kama mulevi. Vunja." Wewe na Vero mlikuwa mnakata majani ya kufunikia, mnacheka kila ninapoambiwa nivunje. Mikono ilinichubuka, mgongo uliniuma, na sijapata kufurahi hivyo tangu harusi yangu.

Tulijaza safu nyuma ya nyumba yake. Zilikuwa hazijakauka mvua ilipokuja.

Ilikuja mchana, kutoka upande wa Kongo, nyeusi, na upepo mbele yake. Watu walitoka nje mikono juu. Mimi nami niliruka, nikaimba, nikashika mikono na watu nisiowajua. Kisha nikamsikia Mama Vero: "Matofali, nyinyi!" Tukakimbia. Tulitandaza majani, mikeka, magunia, khanga. Wewe na Vero mlivua magauni mkayafunikia, mkabaki na chupi mnapiga kelele. Haikusaidia. Kazi yote iliyeyuka mbele ya macho yetu ikashuka kijitoni ilikotoka. Mama Vero akaketi kwenye matope, akacheka mpaka akashika mbavu. "Zainabu," akasema, "haya, unaona? Mungu amejibu maombi yako juu ya nyumba yangu."

Hapa ndipo insha yako inapoishia. Mimi naendelea, maana kosa langu la pili liko hapa, na hili sijui hata kama baba yako analijua.

Watu walianza kusema: Zainabu alitubu, mvua ikaja. Walinisimamisha njiani. Mama mmoja aliniletea mtoto mgonjwa nimwombee. Nami, mwanangu, nilipendezwa. Nilikanusha, lakini kwa namna ya kuwafanya warudie. Siku moja Mama Vero alinikuta bombani nikihadithia, nimefika pale pa machozi. Alisubiri mpaka tukawa wawili njiani, na ndoo kichwani.

"Kwa hiyo mvua ni wewe uliifungua," akasema.

"Ni watu wanasema."

"Sawa. Kama wewe uliifungua, basi mimi niliifunga."

Nilisimama, maji yakanimwagikia. Yeye alitangulia na ndoo yake mpaka nyumbani.

Tulifyatua upya kiangazi kilichofuata, wakati wa matofali. Nyumba ile unaijua, umelala ndani yake mara nyingi. Ukuta wa upande wa nyuma, ule uliovimba kidogo, ni wangu. Mama Vero alikataa usipigwe plasta. Sisi tukahamia Arua, na kule Koboko watu wakakumbuka mvua wakasahau mzaha, ndiyo hadithi ikakufikia wewe imeoshwa.

Nakuandikia kwa sababu kazi unayoiendea ni ya watu wenye maumivu. Mtu atakushika mkono wodini akuulize, "Sista, nimemkosea Mungu nini?" Nilikuwa namwona Mungu kama mtu mwenye chungu, ukipata neno zuri anakifunua. Sasa sijui anachofanya na mvua yake, na sitaki tena kujifanya najua. Ninalolijua ni dogo. Mwenye kosa na aende kwa aliyemkosea kwa sababu mtu huyo ametolewa nje ya nyumba yake mwenyewe, siyo kwa sababu ulezi unakauka. Na yule mgonjwa, pengine hana kosa lolote, ila chungu chake kilikuwa kifudifudi kama vya wengine. Nikikumbuka neema za mwaka ule, mvua siiweki ya kwanza. Ya kwanza ni kwamba Mama Vero alipanda lori.

Limebaki moja. Kesho Vero atakuja kutoka Ediofe, kwa masista wa misheni, mtapanda basi moja na huko mtalala chumba kimoja. Vero hajui. Mama yake alimwambia ni watoto watundu walioharibu matofali. Yeye hunikimbilia, huniita mama, na kila anaponiita hivyo nakumbuka ule mwiko. Wiki iliyopita nilikwenda Koboko kumwomba mama yake ruhusa. Akaniambia, "Mimi nilimaliza zamani. Lakini Vero iko na moyo yake, siwezi kusamehe kwa niaba yake. Andika. Sasa wewe iko na kalamu."

Basi nimeandika, na barua hii ni ya wote wawili. Ukishaisoma, mpe. Usimlainishie, wala usinitetee. Namsikia shangazi yako akicheka barabarani, amekusindikiza. Na maharage, naona, yameungua kidogo.

Mimi mama yako, mwanafunzi Zainabu, kazi ya nyumbani nimemaliza.

Nijibu kwa basi linalorudi, hata kwa mstari mmoja, lakini mwulize Vero kwanza: siku ya likizo, nije kituoni kuwapokea nyote wawili, au nikusubiri wewe nyumbani?